Sayansi ya Kukagua Mashua Kuukuu Kabla ya Kuinunua

Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, tangu Lamu hadi Mtwara, si kila familia iwezayo kuunda chombo kipya. Aghalabu familia hununua mashua ambayo mtu mwingine ameitumia kwa miaka mitano, kumi au zaidi. Akiba iliyokusanywa kwa taabu hutolewa kwa siku moja, na tangu siku hiyo mashua huwa tegemeo la nyumba nzima. Alfajiri huwachukua wavuvi. Mchana hupakia nazi na magunia ya mkaa. Na siku ya arusi au ya maziko hubeba wazee, akina mama na watoto wa ukoo. Kwa hiyo mtu anunuapo mashua mbovu, hasara yake haiishii katika fedha.

Waswahili husema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Methali hii hukumbusha kazi kubwa ya fundi. Lakini yafaa kuongeza kwamba kilichoundwa huanza kuharibika tangu siku kishukapo majini. Mbao huliwa na viumbe hai, misumari huliwa na kemia ya maji ya chumvi, na umbo lenyewe hupindwa na uzito. Tena uharibifu huo, karibu wote, huanzia mahali ambapo jicho halifiki. Rangi mpya hufunika mengi kwa gharama ndogo, na mara nyingine muuzaji mwenyewe hajui kilichomo chini yake. Makala haya yanaeleza jinsi uharibifu huo unavyotokea, kwani ajuaye sababu ya ubovu ndiye ajuaye pa kuutafuta.

Wakati wa kukagua

Mashua haikaguliwi ikiwa inaelea tu. Yapasa ionekane yote, mpaka mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini ambao mwili wote wa chombo umejengwa juu yake. Wakati ufaao ni siku za maji ya bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo jua, dunia na mwezi hukaa karibu katika mstari mmoja, na nguvu za mvutano za jua na mwezi husaidiana. Katika sehemu nyingi za mwambao wetu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huwa mita 3 au zaidi. Mashua iliyofungwa ufuoni wakati wa maji kujaa hubaki juu ya mchanga mkavu baada ya saa sita hivi, na mkaguzi hupata muda wa kuizunguka kabla ya maji kurudi.

Vifaa havihitaji fedha nyingi: nyundo ndogo ya mti, kisu chenye ncha kali, uzi mrefu, tochi na ndoo ya lita 10. Lililo muhimu ni kumwomba muuzaji ruhusa ya kukwaruza rangi mahali pachache. Anayekataa katakata amekwisha kutoa jibu.

Adui wa chini: mtoboaji wa mbao

Chini ya mstari wa maji adui mkubwa wa mbao ni kiumbe ambaye wataalamu humwita Teredo. Ingawa watu humwita mdudu au mnyoo kwa sababu ya mwili wake mrefu na laini, kwa elimuviumbe yeye ni wa jamaa ya chaza na kombe. Kombe zake mbili zimekuwa ndogo sana, nazo zimekaa kichwani kama tupa. Kwa hizo husaga mbao huku akisonga mbele. Mbao hizo huwa pia sehemu ya chakula chake, maana bakteria waishio katika matamvua yake hutengeneza vimeng'enya vya kuyeyusha selulosi, kitu ambacho wanyama wengi hawawezi kukiyeyusha peke yao.

Hatari yake kubwa imo katika namna anavyoingia. Huanza maisha kama kilui kidogo mno kinachoogelea. Akipata ubao usiokingwa hutoboa tundu dogo kama la pini, kisha hukua akiwa ndani. Njia yake hupanuka kadiri anavyokua, naye huipaka chokaa nyeupe kwa ndani, lakini mlango hubaki mdogo vilevile. Hivyo ubao waweza kuwa mzima kwa nje na ndani ukawa kama sega la nyuki. Tena, mashua ipandishwapo pwani, kiumbe huyu huuziba mlango wake kwa vifuniko viwili na kuishi humo kwa wiki kadhaa akisubiri maji.

Yeye hawezi kuishi katika maji yenye chumvi kidogo sana. Ushahidi mashuhuri ni merikebu ya Vasa, iliyozama Stockholm, Sweden, mwaka 1628. Ilipoinuliwa mwaka 1961, baada ya miaka 333, mbao zake nyingi zilikuwa bado imara. Sababu moja kubwa ni kwamba maji ya bahari ya Baltiki mahali pale yana gramu 5 hivi tu za chumvi katika kila kilo, na Teredo hastawi humo. Bahari ya Hindi ina gramu 35 hivi, tena ni ya joto. Kwa hiyo hapana mashua ya mbao katika mwambao wetu iliyo salama bila ya kinga.

Mafundi wa pwani walilijua jambo hili zamani. Desturi yao ni kuipandisha mashua, kuichoma kwa juu juu kwa moto wa makuti makavu, kisha kuipaka deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Moto huwaua watoboaji walio karibu na uso wa ubao kabla hawajaingia ndani sana, na deheni huwazuia wapya wasishike. Lakini kazi hiyo haina budi kurudiwa mara kwa mara. Swali la kwanza kwa muuzaji, basi, si umri wa mashua bali ni hili: "Mzee, chombo hiki kilichomwa lini mara ya mwisho, na kabla ya hapo lini?"

Kisha mkaguzi agonge kwa nyundo ya mti, ubao kwa ubao, kuanzia mkukuni. Ubao mzima hutoa sauti kavu na kali. Uliotobolewa hutoa sauti nzito kama ya boga. Mahali penye shaka akwaruze rangi na kutafuta vitundu vidogo, au mistari myeupe ya chokaa penye ufa. Mkuku na mbao zilizo jirani yake zitazamwe kuliko zote, kwa kuwa huko chombo huegemea mchanga, na mkono wa mpakaji deheni haufiki vizuri.

Adui wa juu: kuvu

Juu ya mstari wa maji adui ni mwingine, nayo ni kuvu. Kuvu hula selulosi na lignini, vitu viwili ambavyo huupa ubao nguvu zake. Ili zistawi zahitaji vitu vitatu kwa pamoja: chakula, hewa na unyevu. Ubao ambao unyevu wake haupiti asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi. Ubao uliozama daima nao hauozi kwa kuvu za kawaida, maana hewa haitoshi. Na chumvi iliyojaa ndani yake huzizuia pia.

Jambo hili huwashangaza watu wengi. Maji yanayoozesha mashua si ya bahari, bali ni ya mvua. Wakati wa masika maji matamu hukaa katika pembe zisizopitisha upepo: kwenye vichwa vya mataruma, yaani mbavu za chombo, chini ya mbao za kukalia, kwenye ncha za mbao omo na tezi, yaani mbele na nyuma, na kwenye kitako cha mlingoti. Ncha za mbao hunywa maji haraka kuliko ubavu, kwa sababu mishipa ya mti imefunguka hapo. Mashua iliyowekwa pwani miezi mingi bila kufunikwa yaweza kuoza kuliko ile iliyofanya kazi kila siku.

Kipimo chake ni chepesi. Kisu kichomwe mahali pa pembeni na kuinua kibanzi chembamba. Ubao mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Uliooza hukatika papo hapo kama biskuti, bila nyuzi. Mti uwe mvule, msaji, mtondoo au mwembe, kipimo ni hicho hicho. Kwa kifupi, bahari huila mashua kutoka chini, na mvua huila kutoka juu. Mkaguzi aliyetazama upande mmoja tu ametazama nusu.

Misumari na umeme wa maji ya chumvi

Mbao hushikwa na misumari, na misumari mingi ya mashua zetu ni ya chuma. Katika maji ya chumvi chuma hushika kutu upesi, kwani chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huupasua ubao kutoka ndani. Michirizi ya rangi ya kahawia itokayo chini ya vichwa vya misumari ndiyo dalili ya kwanza. Lakini kichwa kizima si dalili ya msumari mzima. Mara nyingi msumari hulika zaidi pale ubao unapokutana na taruma, ambapo maji hujipenyeza, ukawa mwembamba kama kiuno cha nyigu huku kichwa na ncha vikiwa bado vinene.

Mambo huwa mabaya zaidi metali mbili za aina mbalimbali zikikutana katika maji hayo. Mwaka 1761 Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliifunika manowari iitwayo Alarm kwa mabamba ya shaba ili kuikinga na Teredo. Ilipokaguliwa mwaka 1763, mbao zilikuwa zimehifadhika, lakini misumari mingi ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya. Pale tu ambapo karatasi ya kahawia ilikuwa imebaki kati ya metali hizo mbili, chuma kilikuwa kizima. Watu wa wakati ule hawakuwa na maelezo kamili; leo inajulikana kwamba shaba, chuma na maji ya chumvi ni sawa na betri, na katika betri hiyo chuma ndicho kinachoyeyuka. Isitoshe, alkali hujitokeza kwenye upande wa shaba na kuulainisha ubao.

Funzo kwa mnunuzi ni wazi. Kiraka cha bamba la shaba juu ya mbao zenye misumari ya chuma, au boliti ya chuma kisichoshika kutu iliyotiwa karibu na misumari ya kawaida, ni mahali pa kutazama kwa makini. Kiraka chochote kizua swali juu ya kilicho chini yake. Ikiwezekana, muuzaji akubali msumari mmoja au miwili ing'olewe na kurudishwa mipya. Msumari mmoja mkononi hufundisha zaidi ya mia moja iliyofichwa na rangi.

Mgongo wa mashua

Mashua ielapo, maji huisukuma juu zaidi katikati, ambako mwili ni mnene, kuliko omo na tezi, ambako mwili ni mwembamba. Uzito nao haugawanyiki kwa kadiri hiyohiyo. Miaka ikipita, na misumari ikilegea, ncha mbili hushuka na katikati huinuka. Mkaguzi avute uzi chini ya mkuku toka mwanzo hadi mwisho, kisha auliganishe mti na uzi huo. Mkuku wa aina fulani huchongwa ukiwa na mviringo tangu mwanzo, kwa hiyo inafaa kumuuliza fundi wa vyombo vya namna hiyo ulikuwaje ulipokuwa mpya. Kisha asimame nyuma, mbali kidogo, alinganishe ubavu wa kulia na wa kushoto. Mashua iliyopinda haivuji tu. Mishono yake hufunguka kila ipigwapo na wimbi, na kalafati mpya, yaani pamba ya kuzibia mishono, haikai.

Maji ya ngamani

Baada ya ukaguzi wa pwani mashua irudishwe majini. Hapa mtu asiharakishe kuhukumu. Mbao zilizokauka hunywea, na mishono huachana. Zikilowa, hutanuka upana wake, ingawa urefu karibu haubadiliki, na mianya hujifunga. Mashua iliyokaa pwani muda mrefu huvuja siku ya kwanza hata ikiwa nzima. Kipimo cha haki ni baada ya siku mbili au tatu. Maji yote yatolewe ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo. Mashua iachwe usiku kucha. Asubuhi maji yapimwe kwa ndoo.

Fizikia huonyesha kwa nini tundu dogo si jambo dogo. Kasi ya maji yanayoingia hukadiriwa kwa kipeuo cha pili cha 2gh, ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia na h ni kina cha tundu. Chukua tundu la sentimeta moja ya mraba lililo sentimeta 50 chini ya maji. Kasi ni kipeuo cha pili cha 2 × 9.8 × 0.5, nayo ni mita 3.1 hivi kwa sekunde. Kwa kuwa mkondo hujibana upitapo tunduni, maji yaingiayo ni kama asilimia 60 tu ya hesabu hiyo: karibu lita 11 kwa dakika. Ndiyo kusema ndoo nzima kila dakika, na zaidi ya nusu tani kwa saa moja. Tena maji hayo hayatulii. Chombo kikiinama, nayo hukimbilia upande uleule na kuzidi kukiinamisha. Ndiyo sababu mashua yenye maji mengi ngamani yaweza kupinduka kabla haijajaa.

Boti za faiba na injini

Siku hizi boti za faiba zimeenea, na watu husema kwamba haziozi. Ni kweli kwamba Teredo hazitoboi, lakini nazo zina maradhi yake. Maji hupenya polepole katika utomvu mgumu unaoshika nyuzi za kioo, huyeyusha mabaki ya kemikali, na kwa njia ya osmosisi huvuta maji mengine mpaka malengelenge hutokea juu ya uso. Lengelenge likitobolewa hutoa majimaji yenye harufu kali kama siki. Kugonga kwa sarafu husaidia hapa pia: mahali ambapo tabaka zimeachana hutoa sauti butu.

Ubao wa nyuma unaobeba injini mara nyingi ni mbao zilizofunikwa kwa faiba. Maji yakiingia kwa matundu ya boliti, mbao huoza zikiwa zimefungwa kama sandukuni. Mkaguzi aishike injini kwa juu na kuisukuma chini kwa nguvu. Ubao ukicheza au kupasuka rangi, ndani mna ubovu. Injini yenyewe iwashwe ikiwa baridi mbele ya mnunuzi, na mchirizi wa maji ya kupoozea uonekane ukitoka. Kwa chombo cha tanga, kamba na matanga ya nailoni au poliesta yachunguzwe yalipopigwa na jua siku zote, kwani mwanga wa jua hukata nyuzi hizo kidogo kidogo.

Kufikia uamuzi

Ubovu si lazima uvunje biashara. Ubao mmoja hubadilishwa, na taruma moja hutiwa jingine. Lakini bei ya kweli ya mashua ni bei ya muuzaji pamoja na gharama za matengenezo, na gharama hizo zipasa kukadiriwa na fundi wa vyombo asiye na maslahi katika mauzo hayo, kabla fedha hazijatolewa. Mkuku ukiwa umetobolewa, au mataruma mengi yakiwa yameoza, kwa kawaida ni afadhali kuiacha. Hatimaye mnunuzi ahakikishe kwamba chombo kina hati za usajili na za ukaguzi zinazotakiwa. Kwa Tanzania Bara usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na TASAC, na kwa Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar.

Majaribio mawili ya darasani

Walimu waweza kuonyesha mambo haya hata katika shule zilizo mbali na bahari.

Kwanza, yeyusha gramu 35 za chumvi ya mezani katika kila lita ya maji, kisha ugawe katika glasi tatu. Katika ya kwanza tia msumari wa chuma peke yake. Katika ya pili, msumari uliozungushiwa waya wa shaba usio na gamba. Katika ya tatu, msumari uliofungwa kwa kipande cha zinki kilichosafishwa vizuri. Baada ya wiki moja wanafunzi walinganishe kutu. Waeleze kwa nini shaba iliuharibu msumari na zinki ikaulinda.

Pili, pima kipande cha mbao kibichi, kikaushe katika tanuri ya maabara kwa nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike tena, kisha ukipime mara ya pili. Uzito uliopungua, ukigawanywa kwa uzito mkavu na kuzidishwa kwa 100, ndio asilimia ya unyevu. Kipande cha gramu 62 kikibaki na gramu 50 kilikuwa na unyevu wa asilimia 24. Wanafunzi waulizwe: mbao hiyo ingewekwa kwenye kichwa cha taruma, mahali pasipopita upepo, ingekuwa salama?

Mabaharia wana methali nyingine: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Mkaguzi naye afanye hivyo. Atembee omo na tezi, asifie rangi na tanga akipenda. Lakini kabla ya kutoa akiba ya familia, ashuke ngamani na tochi na kisu.